Sarafu Isiyo na Minara

Mimi Hadiya nauza vitambaa mjini Migori, na kwa miaka ishirini na miwili baraza ya duka langu imekuwa ya mwanamke mwingine. Alikuja asubuhi moja na kiti, meza ndogo na kopo la nyembe, akaniambia, "Mama, mimi nitaketi hapa." Nilipofungua mdomo kumuuliza kwa ruhusa ya nani, alikuwa ameshaketi. Jina lake ni Phanice, lakini sokoni hakuna anayelitumia. Wanamwita Nyar Kadem, binti wa Kadem, kwa desturi ya Waluo ya kumwita mwanamke kwa kwao alikozaliwa, hata awe ameolewa mbali vipi.

Kazi yake ni mihuri. Ukigongewa barua na chifu, mwalimu mkuu au mweka hazina wa kanisa katika mji huu, jua kwamba aliyeukata mpira wa muhuri ule kwa wembe ni yeye. Mawakili nao humletea kazi ya mihuri mikavu, ile ya chuma inayobinya karatasi ikaacha alama bila wino, na hiyo huichonga kwa tindo nyembamba ambayo hata mimi hataki niiguse. Muhuri huchongwa kinyume, kushoto kukawa kulia, shimo likawa mwinuko, ndipo ukigongwa usomeke sawa. Amefanya hivyo muda mrefu mno hata akiandika orodha ya sokoni kwa haraka huanzia upande wa kulia, na muuza nyanya humrudishia karatasi yake.

Ana hasira, na sitamfichia. Siku moja alikuja bwana mwenye suti akitaka muhuri wa ofisi ya ardhi, ilhali ofisi yenyewe haikumtuma. Nyar Kadem aliisoma karatasi yake, akaikunja, akamrudishia. "Ooyo," alisema, yaani hapana. Yule bwana akamwambia atakwenda kwa fundi mwingine. "Enda," akajibu, akaendelea kukata mpira. Nilimpoteza mteja wa suruali siku ile, maana bwana alikuwa tayari ameshachagua kitambaa dukani kwangu.

Jambo lililomuuma alinieleza mara moja tu, tukila mahindi ya kuchoma. Alinyoosha mkono wake wa kulia, wenye makovu ya nyembe kila mahali, akautazama kama mali ya mtu mwingine. "Hii mkono imeandika majina ya watu wote wa Migori," alisema. "Yangu haiko mahali popote."

Mwaka juzi akaja Motari. Huyu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa adabu asiyepandisha sauti, na ni katibu wa umoja wa wafanyabiashara wa upande huu wa ziwa. Alileta barua. Umoja wao ulitaka kutoa sarafu ya ukumbusho, si ya kununulia kitu, bali ya kuwekwa kabatini na kuonyeshwa wageni. Sarafu ionyeshe mji wa kale wa mawe wa Thimlich Ohinga, jinsi unavyosimama dhidi ya anga. Kazi ya kuchora na kuchonga alipewa Nyar Kadem kwa sababu ya ile mihuri yake ya chuma. Mwisho wa barua paliandikwa kwamba jina la mchongaji litatiwa kwa herufi ndogo.

Niliona macho yake yakiurudia mstari ule mara tatu. Halafu aliiweka barua chini ya kopo la nyembe isipeperuke. "Ndogo kiasi gani, mwalimu?" aliuliza.

Kesho yake alinilazimisha nifunge duka twende naye. Ohinga iko pande za kwao, nami aibu yangu ni kwamba nilikuwa nimeishi Migori miaka yote ile bila kufika. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nikisikia mji wa kale nawaza matao, madirisha, mihirabu, chokaa iliyobanduka. Nikakuta ukuta. Ukuta mnene, unaomzidi mtu mrefu kwa mbali, unaozunguka na kujipinda, wa mawe makubwa kwa madogo yaliyoshikana yenyewe, bila udongo, bila chokaa, bila saruji. Na juu ya ukuta, miti ya bondo, ile ambayo matawi yake yote huinuka wima. Basi. Nikaingia kwa haraka ili nione kilichomo ndani, nikajigonga paji la uso kwenye jiwe la juu la lango.

Nyar Kadem alicheka hadi akashika ukuta. "Pole, nyaminwa," alisema, dada yangu. "Dani alikuwa akisema hiyo mlango ilifanywa fupi makusudi. Mtu akikuja na ubaya, aanze na kichwa."

"Na akija na wema?"

"Hata yeye. Kwani nani anajua roho ya mtu?"

Dani ni bibi yake mzaa baba. Alimlea palepale karibu, wakichunga mbuzi, na kila walipopita langoni alimgusa kisogo kumkumbusha ainame. Nyar Kadem aliingia kama mtu aingiaye chumbani kwake, akazunguka ndani akigusa mawe, kisha akatoka tena bila kuchora kitu. Alishuka mteremko wa upande wa pili, akatandika leso, akalala kifudifudi nyasini, mwanamke wa miaka hamsini na minane, kidevu juu ya ngumi. Nikamuuliza kama anaumwa. "Ukisimama unaona mawe," alisema. "Ukilala ndio unaona mji." Nami nikalala, nikiwa na buibui langu na yote, na kweli ukuta ulipanda ukaikata anga mstari mmoja mrefu, na bondo zikasimama juu yake. Tulikaa pale mpaka tukasikia njaa.

Mfano wa kwanza aliufanya kwa plasta, mkubwa kama sahani. Wa pili aliufanya kwa kipimo chenyewe, umezidi kidogo kifuniko cha chupa ya soda. Nikampeleka Isebania kwa Farah, rafiki wa marehemu mume wangu, anayebadilisha fedha pale mpakani tangu ujana wake. Farah ameshika sarafu nyingi kuliko benki. Hakuutazama ule mfano. Alifumba macho, akaupitishia kidole gumba.

"Dada, sarafu mpya husomwa na jicho," alisema. "Ikikaa mifukoni miaka, husomwa na gumba. Vilivyo virefu na vyembamba hulika kwanza. Kipana ndicho kinachobaki." Akapitisha gumba tena, polepole. "Hapa kuna ukuta. Hapa kuna tundu."

"Ni lango," Nyar Kadem alisema.

"Basi lichimbe zaidi. Mara ya kwanza nililiruka."

Alilichimba zaidi. Juma zima hakukata muhuri wa mtu. Wateja walikuja wakarudi, na chifu mmoja alisimama barazani kwangu akilalamika kwamba serikali imesimama. Aliambiwa akanywe chai kwanza.

Kamati ya umoja ule ilikutana Homa Bay, katika hoteli ya mwenyekiti wake, Mzee Jeremiah. Hoteli hiyo imepakwa rangi ya waridi, inatazama ziwa, na juu ya paa ina minara miwili yenye meno, huku mmoja, huku mmoja, kila mmoja na bendera yake. Mfano wa plasta ulizungushwa mezani kati ya sahani za samaki. Watu walinong'ona kuusifu. Ulipomfikia Mzee Jeremiah aliugeuza, akautazama nyuma, akaurudisha mbele.

"Mama, kazi ni safi," alisema. "Lakini mji iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Hii ni mawe na miti. Mgeni akitoka Nairobi aone hii, atasema sisi hatukuwa na mji, tulikuwa na boma ya ng'ombe. Weka minara. Mbili tu, huku na huku."

"Haikuwa na minara."

"Wewe ulikuwa huko?"

"Dani yangu alizaliwa chini ya hiyo ukuta. Wewe ulizaliwa wapi?"

Mtu mmoja alikohoa samaki. Mzee Jeremiah alicheka ili ionekane ni mzaha, akamwita Byron, kijana wake wa kompyuta, alete picha. Kumbe walikuwa nayo tayari. Humo mawe yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, yamenyooka kama ya machimbo, na saruji katikati. Lango lilikuwa la kupitisha lori. Na minara miwili yenye meno, huku mmoja, huku mmoja. Hiyo minara mimi nilikuwa nimeiona nusu saa iliyopita, nikishuka kwenye gari.

"Ijumaa ulete chuma ya kugongea sarafu ikiwa na minara," mwenyekiti alisema. "Na jina lako tutaweka hata kubwa kidogo. Ukishindwa, Byron atafanya na mashine yake."

Sasa niseme kosa langu, maana ningelificha mngeniona mwema kuliko nilivyo. Tuliporudi Migori nilimkalisha Nyar Kadem nikamshauri akubali. Mkono usioweza kuukata, ubusu, nilimwambia. Minara miwili ni kitu gani? Wewe utakufa, mimi nitakufa, Jeremiah naye atakufa, na jina lako litabaki kwenye sarafu.

Aliweka tindo chini. "Jina langu ikae chini ya hoteli ya mtu?"

"Nani atajua kuwa ni hoteli?"

"Mimi. Hadiya, wale watu walibeba mawe na mikono. Hakuna simiti, hakuna winchi. Ukuta imesimama mpaka leo. Hoteli yake iko na miaka kumi na moja na imeshapasuka huko nyuma, nimeona nikienda choo. Halafu niseme ukuta ndio ilikuwa inataka kufanana na hoteli? Nimeinamia hii meza miaka mingi. Kuinamia kazi, sawa. Kuinamia uongo, ooyo."

Hakunisemesha siku mbili. Nami sikumsemesha, maana baraza ni yangu na nina hasira zangu. Siku mbili nzima nilipima vitambaa nikisikia tindo ikigonga chuma nje, ka, ka, ka, na kila mlio nikauona ni wa kunisuta mimi.

Ijumaa nilifunga duka nikamfuata kituoni bila kuitwa. Alinisogezea nafasi.

Muhuri wa chuma ulikuwa umefungwa katika leso. Aliufungua juu ya meza ya kamati, ukang'aa. Kumbuka kwamba ulikuwa umechongwa kinyume, kila kilichoinuka kwenye plasta kikiwa shimo kwenye chuma. Asiyezoea hawezi kuusoma. Mzee Jeremiah alivaa miwani, akauelekeza dirishani, akauzungusha. Mimi nilijua alichokuwa anakitazama, kwa sababu niliona vikichongwa: ukuta, lango, na juu ya ukuta matawi ya bondo, mifereji iliyonyooka wima, mingine huku, mingine huku.

Uso wake ukafunguka. "Sasa! Si nilisema?" Alipiga meza. "Minara hii hapa! Mbili huku, na huku mbili. Mama, umezidisha hata!"

Kamati ikapiga makofi. Motari peke yake hakupiga. Alikuwa ameinua chuma, ameona, ameshusha macho kwenye daftari lake, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na tabasamu dogo. Alikuwa ameamua kunyamaza kwa faida yetu. Nilitafuta mguu wa Nyar Kadem chini ya meza nikaukanyaga. Kazi ilikuwa imekwisha. Ukuta ulikuwa umepita bila mnara hata mmoja, na jina lake lilikuwa limeshachongwa ndani. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo. Nilimwomba Mungu amfunge mdomo kwa dakika tano tu.

"Hiyo si minara," Nyar Kadem alisema. "Ni bondo."

Makofi yalikatika. Mzee Jeremiah alivua miwani. "Kwa hivyo umekuja kunichezea mbele ya watu?"

"Kama ningetaka kukuchezea ningenyamaza."

"Mama, mimi nakupatia nafasi ya mwisho."

"Nilisikia. Mti yenye iliota hapo sitaiita mnara ndio uniwekee jina." Akaufunga muhuri wake katika leso, kona kwa kona, bila haraka, akasimama. Nami nikasimama. Mguu wake niliuacha na alama ya kiatu changu.

Tulishuka njiani, Rangwe, kunywa chai, kwa sababu hakuna aliyetaka kufika nyumbani. Pale, kikombe kikiwa mdomoni, alianza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe. "Nilitaka hiyo jina," alisema. "Usifikiri sikuitaka." Machozi yalimdondokea mezani naye hakuyafuta. Nikasema lililokuwa karibu, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Alipenga kamasi. Akaligonga lile furushi la leso mara mbili kwa kifundo cha kidole, likalia kwa uzito. "Koleo yangu haijavunjika," alisema. "Iko hapa."

Fundi mmoja wa jua kali pale Migori alimyeyushia koki za maji na vitasa vya zamani, akamkatia shaba vipande vya mviringo. Karakana ya malori ilimwazima mashine ile inayobinya bushi za magurudumu, nayo akaubinyia muhuri wake juu ya vile vipande. Vya kwanza vilipasuka. Akaambiwa avichome shaba ilainike kwanza. Akavichoma, vikatoka na alama nusu. Kitu kama wiki tatu alirudi barazani kwangu akinuka grisi, na mimi nikawaambia wateja wa mihuri wavumilie, hata yule chifu. Mwishowe vikatoka arobaini na moja vizima. Sikumuuliza atavifanyia nini, kwa kuwa angetaka nijue angeniambia.

Sherehe ya kamati ya kuzindua sarafu yao ilifanyika palepale Ohinga, chini ya mahema, na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa (vitambaa vyangu, nakiri, biashara ni biashara). Nyar Kadem hakualikwa. Alikuja hivyo hivyo, akaketi kwenye jiwe nje ya lango, akatandika leso miguuni na kuzipanga sarafu zake juu yake. Hakumwita mtu.

Mzee Jeremiah alifungua kisanduku chenye mahameli na kutoa sarafu ya kwanza iliyochongwa na mashine ya Byron. Alimkabidhi mwanamke mkongwe kuliko wote wa kijiji kile, kama picha za magazeti zipendavyo. Yule bibi aliitazama. Akaigeuza. "Ma en ang'o?" aliuliza, hiki ni nini? Akaitazama tena, akauliza swali la pili. Wageni wa Nairobi walitaka kujua amesemaje, na Motari, aliyeshika kipaza sauti, alitafsiri kwa ile sauti yake isiyopanda.

"Bibi anauliza hii ni nyumba ya nani."

Walicheka waliotoka Homa Bay, kwa sababu wao walijua ni nyumba ya nani.

Baada ya hotuba yule bibi alijikongoja mpaka langoni. Nyar Kadem alimpakulia sarafu moja kiganjani. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu. Alitumia gumba, kama Farah. Lilipita ukutani, likapanda, likasimama. "Bondo," alisema. Likashuka, likazama kidogo katikati. Akainua mkono mwingine akamgusa Nyar Kadem kisogo, palepale Dani alipokuwa akimgusa. Hapo nami nililia, na sioni haya kuliandika.

Watu wakaanza kuja, mmoja, watatu, kisha wengi. Leso ilibaki na sarafu sita au saba alipofika Mzee Jeremiah, mikono nyuma. Aliokota moja akaishika mbali na uso, kwa urefu wa mkono.

"Naona mchongaji hakuweka jina," alisema kwa sauti ya kusikika.

"Iko."

"Wapi?"

"Kwa mlango."

Lango kwenye sarafu ile ni dogo kama punje ya mchele, na juu yake kuna jiwe moja, lile lililonivunja paji. Jina limo ndani ya jiwe. Mzee Jeremiah aliisogeza sarafu karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Akapandisha miwani juu ya paji la uso. Halafu akakunja shingo, akakunja mgongo, pua ikakaribia kuigusa shaba, mbele ya kamati yake yote.

"Pha-ni-ce," alisoma.

Nyar Kadem alimngoja amalize. Alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, mgongo wima, mikono magotini.